Chanzo cha Potasiamu

Uliana Demydivna alipika ute kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote sikumsikia mtu akimuuliza kama amechoka. Taasisi yetu ya kilimo ilikuwa na madaktari wa sayansi kumi na mmoja, makamu wa mkurugenzi watatu na mpishi wa ute mmoja. Daktari aliweza kuugua mwezi mzima na hakuna kilichosimama. Uliana akiumwa jino siku moja, sayansi yote ya ghorofa ya pili ililala.

Ute wenyewe hauna ajabu. Kwenye mizizi ya lupini, mmea wa jamii ya kunde ambao huku kwetu hulishwa ng'ombe, kuna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu wanaishi bakteria. Walishe sukari ndani ya chupa, watikise siku tano, nao watatoa kitu kizito kinachovutika. Ukikimwagia spiriti baridi kinajikusanya kuwa nyuzi nyeupe, kama yai lililopasuliwa kwenye supu ya moto. Kwenye makaratasi kinaitwa polisakaridi. Uliana alikiita kiseli, kwa kuwa kinafanana na kile kinywaji cha wanga na matunda tunachonywesha watu mwishoni mwa matanga ili wajue sasa ni wakati wa kuvaa makoti. Wageni wa taasisi walicheka. Yeye hakuwa anatania, maana kijiji alichozaliwa kilikuwa kimeshafanyiwa matanga kikiwa hai.

Kijiji hicho ni Hrebelka. Mwaka kinu cha nyuklia kilipolipuka, watu wake walipakiwa kwenye mabasi wakaambiwa wabebe nguo za siku tatu. Mama yake Uliana, Bibi Khivrya, alibeba nguo za siku tatu na jogoo. Alipewa chumba ghorofa ya nne mjini pamoja na binti yake, akakaa humo miaka mitatu akilalamika kwamba jiko la gesi halitoi jivu. Mwaka wa nne akatoka kwenda kununua mkate, akarudi Hrebelka. Sijui alipitaje vizuizi. Alipoulizwa alisema alipita msituni, uyoga ulikuwa mwingi.

Serikali haikumfukuza. Ilifanya jambo la busara zaidi: haikumwona. Kwenye madaftari yote Bibi Khivrya aliendelea kuishi ghorofa ya nne, na kadi ya kupigia kura ililetwa hukohuko. Kwa hiyo Uliana hakuweza kuomba kibali cha kumtembelea mama yake ndani ya eneo lililofungwa, kwa sababu mama yake alikuwa nyumbani kwake. Mara moja tu kwa mwaka, wiki baada ya Pasaka, watu waliruhusiwa kuingia kwa basi kuwakumbuka marehemu makaburini, na Uliana aliingia nao, akawaacha marehemu wakumbukwe na wengine, akakimbia na mkate, chumvi na dawa za presha mpaka kwa mama yake aliye hai. Muda wa saa nne tu, kisha honi ya basi.

Ndipo Dakta Valerian Ostapovych akapata wazo.

Dakta Valerian alikuwa mtu mrefu mwenye miwani na haraka. Wazo lake lilikuwa hili: bakteria wanaoishi kwenye udongo wenye mionzi hutoa ute mzito kuliko wenzao wa udongo safi, labda kwa kujikinga. Ute huo ukipakwa kwenye mbegu za lupini, utaishika ile sumu ya mionzi, sesiamu, iliyomo udongoni isipande kwenye majani. Ng'ombe atakula majani safi, maziwa yatakuwa safi, na Dakta Valerian atakuwa profesa. Alichokosa ni udongo.

"Nahitaji mahali pachafu," alisema kwenye kikao. "Pachafu hasa, lakini pa kufikika."

"Napajua," Uliana akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kikaoni. "Hrebelka. Bustani ya nyuma ya nyumba moja tupu. Udongo wake ni mchafu vizuri sana, Daktari."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na nilijua nyumba hiyo tupu ni ya nani. Jina langu ni Zakhar, mpima mionzi. Kazi yangu ni kushika mashine inayolia na kusoma namba. Dereva alipopunguzwa nikapewa na usukani pia. Sikusema kitu, na sijutii.

Vibali vikatoka: kila wiki mbili, watu watatu, gari moja, lengo la safari ni utafiti. Mara ya kwanza tulipofika, Bibi Khivrya alikuwa amesimama langoni na kilemba kipya, na Dakta Valerian akageuka kumtazama Uliana.

"Ulisema nyumba tupu."

"Iulize serikali, Daktari. Ni tupu."

"Karibuni, karibuni," bibi akasema. "Huyu wa miwani ndiye mkubwa wenu? Mbona amekondeana hivi? Uliana, hampikiani huko mjini?"

Dakta Valerian alikuwa mwepesi wa hasira, lakini alikuwa na njaa pia. Alikula viazi, matango ya chumvi na mafuta ya nguruwe yaliyotoka mjini ndani ya mkoba wa Uliana, akanywa gongo glasi mbili, na kufikia jioni alikuwa amekubali kwamba haoni mtu. Tukapima vitalu viwili. Cha kwanza kilikuwa kando ya lango: hicho kilipandwa mbegu zilizopakwa ute. Cha pili kilikuwa nyuma kabisa, karibu na upupu: humo zilipandwa mbegu kavu, ili mtu aweze kulinganisha. Udongo uleule, jua lilelile. Katika sayansi, Dakta Valerian alituambia, kitu kikubwa ni kwamba vitalu viwili vitofautiane kwa jambo moja tu.

Basi kila wiki mbili tulikwenda. Dakta alipima urefu wa mimea, mimi nilisoma namba, Uliana alinyunyiza ute wake kwenye kitalu cha mbele kisha akaingia ndani kumkata mama yake kucha za miguu. Bibi alikuwa na miguu mibaya, ya kuvimba. Alipenda kukaa kizingitini na kunihoji.

"Zakharko, hiyo mashine yako inasema nini leo?"

"Inasema habari za asubuhi, Bibi."

"Mwaka jana kabla hamjaja hapakuwa na mtu wa kuniambia habari za asubuhi. Iambie salama."

Vuli ya kwanza tulikata lupini, tukachoma, tukapima. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka kama Dakta Valerian alivyoruka. Mimea ya kitalu cha mbele ilikuwa na sesiamu theluthi moja tu ya ile ya nyuma. Alimbusu Uliana kwenye paji la uso, akambusu na mwanamke wa usafi aliyekuwa akipita. Wiki hiyo hiyo akaanza kutembea korido akiwa ameweka mikono nyuma, kama maprofesa wanavyotembea.

Kwa Uliana maana ya matokeo ilikuwa moja: vibali vingeongezwa mwaka. Alinunua soksi nne za sufu na kuziweka mkobani.

Aprili iliyofuata, theluji ilipoisha, niliinamisha mashine kwenye kitalu cha mbele ikalia kuliko vuli. Nikaipiga kofi, maana ilikuwa mashine ya kupigwa makofi. Ikalia vilevile. Nikaenda kitalu cha nyuma: namba ya zamani, sawasawa. Sasa udongo una mambo mengi, lakini hauongezi mionzi wenyewe ukilala chini ya theluji. Nikachuchumaa. Udongo wa mbele ulikuwa na rangi ya kijivu.

"Bibi Khivrya," nikaita, "umemwaga nini hapa?"

"Wapi?"

"Hapa langoni, kwenye kitalu."

"Aah, hapo. Jivu, nini kingine?" Alisema kama mtu aliyeulizwa anatia nini kwenye chai. "Tangu mwaka jana natia. Ndoo ikijaa jikoni naitoa. Mnataka kitalu changu cha langoni kiwe na njaa, wapita njia wanione mchafu?"

"Wapita njia gani, Bibi? Kijiji hakina mtu."

"Nyinyi mnapita."

Uliana alikuwa ametoka ndani na beseni la maji mkononi. Alisimama.

"Mama. Na kile cha nyuma umekitia?"

"Kile cha kwenye upupu? Sikitii. Kile si chako. Hiki ndicho nakuona unakinyweshea kiseli chako kila ukija, mgongo umekupinda, nikasema huyu mtoto hajui, bustani haishibi kiseli. Nikakusaidia."

Ndiyo kusema vitalu vilitofautiana kwa mambo mawili. Mtu yeyote aliyesoma kilimo mwaka mmoja anajua kwamba jivu limejaa potasiamu, na mmea ulioshiba potasiamu haugusi sesiamu, maana mizizi huzichanganya hizo mbili na hupokea iliyo karibu zaidi. Jambo hilo limeandikwa vitabuni tangu mimi sijazaliwa. Na kuni za msitu ule zilijaa mionzi tangu mwaka wa kinu, ndiyo maana jivu lake lililiza mashine yangu. Bibi kizee na ndoo yake alikuwa ameongeza sumu udongoni na kuipunguza majanini kwa wakati mmoja, na ute wa taasisi ulikuwa umekaa katikati ukipokea pongezi.

Dakta Valerian alikuwa garini akiandika. Uliana aliweka beseni chini, akanivuta nyuma ya banda.

"Zakhar Pylypovych, akijua hili, anafunga kesho."

"Atafunga leo jioni."

"Na mimi nitamwona mama mara moja kwa mwaka, saa nne. Ana miaka themanini na mbili. Unajua hesabu yake? Akiishi mitano, ni saa ishirini. Saa ishirini tu zimebaki za mama yangu."

Alikuwa analia, lakini kwa sauti ya chini, kwa kuwa Dakta alikuwa na masikio. Nilimhurumia mpaka nikawa na hasira, na sikujua hasira hiyo nimwelekeze nani, kwa hiyo nikaipiga mashine kofi lingine.

"Mimi husoma namba," nikamwambia. "Sababu hazipo kwenye kazi niliyoajiriwa."

Nikaandika kwamba kitalu cha mbele kimeongezeka kidogo kutokana na mtiririko wa theluji. Bado naiona sentensi hiyo. Ni nzuri, ina mpangilio, na haina ukweli hata chembe. Uliana naye hakumwambia mama yake aache. Alimwambia tu avae glavu, na bibi alizivaa siku tulizokuwapo.

Vuli ya pili matokeo yalikuwa bora zaidi, maana kipupwe kilikuwa kikali na jivu lilikuwa jingi. Dakta Valerian alisafiri kwenda kwenye mkutano akiwa na suruali mpya. Alirudi na barua. Tukaitwa sote ukumbini, kukawa na keki na mvinyo wa mapovu, na makamu wa mkurugenzi wote watatu walihudhuria. Uliana alisimama karibu na mlango akitabasamu, akingoja kusikia neno moja tu, kwamba vibali vimeongezwa.

"Wenzangu," Dakta akasema, "wizara imefurahi. Imefurahi kiasi kwamba haitaki tena tuchezee vitalu vya bustani. Tumepewa shamba! Hekta sita, nje ya eneo lililofungwa, uzio wa chuma, barabara ya lami. Ile shida ya vibali, vizuizi, matope, imekwisha. Hrebelka tunaifunga tarehe thelathini na moja Desemba. Na mtu wa kwanza wa kushukuriwa ni Uliana Demydivna, ambaye hatasumbuka tena kwenda kule."

Watu wakapiga makofi. Walimpa kipande cha keki chenye ua la sukari. Alikishika mpaka sukari ikayeyuka, na mimi nilitazama dirishani. Alikuwa amenyamaza ili asipoteze, na kunyamaza kwake ndiko kulikompotezea. Angesema ukweli Aprili, angalau angepata raha ya kumwona Dakta akikosa uprofesa.

Wiki baada ya Pasaka aliingia na basi la makaburi. Alinisimulia baadaye. Alimkuta mama yake amekaa langoni, kilemba kipya, akitazama njia ambayo gari letu lilikuwa likipita.

"Wenzako wako wapi?"

"Hawaji tena, Mama. Jaribio limefungwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu limefaulu."

"Limefaulu, kwa hiyo mmeliacha."

"Ndiyo, Mama."

"Ng'ombe akitoa maziwa mengi, unamwacha zizini unahama?"

"Ni mambo ya wizara, Mama. Mimi sijui nikuelezeje."

"Basi usinieleze," bibi akasema, akampigapiga mkono. "Wewe ni mtoto mzuri, hutaki kuniumiza. Nimeelewa." Honi ikalia, na Uliana akakimbia.

Kiangazi hicho lupini za hekta sita zilikua vizuri, kijani, nzuri za kupigia picha. Uliana alizipikia ute kwa mapipa. Agosti wakazikata, wakachoma, wakapima. Sesiamu ilikuwa ileile ya shamba la jirani, ambaye hakupaka kitu. Wakapima tena. Wakabadilisha mashine, wakaazima mashine ya taasisi nyingine. Ileile.

Dakta Valerian alishuka maabara na karatasi mkononi. Nilikuwa pale nikitengeneza nyaya.

"Umefanya nini kwenye ute?"

"Nimeupika kama siku zote, Daktari."

"Si kweli! Ute wa Hrebelka ulifanya kazi, huu haufanyi. Umepunguza kitu. Spiriti! Umechanganya spiriti na maji. Nusu umekunywa, nusu umemwaga humu, ndiyo maana!"

Ni kweli kwamba katika taasisi yetu spiriti ilikuwa na wapenzi. Makamu wawili kati ya watatu walikuwa wakipita maabara kila Ijumaa kuuliza afya ya bakteria. Lakini Uliana alikuwa mtu wa chai. Aliivua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka mezani.

"Ute wako haukufanya kitu, Daktari. Hapa haukufanya, na kule haukufanya. Ilikuwa jivu."

"Jivu gani?"

"La mama yangu. Alimwaga kwenye kitalu cha mbele, miaka yote miwili. Cha nyuma hakukitia."

Nilitegemea apige kelele. Dakta Valerian alitafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya kasha la chupa. Aliitazama sakafu kiasi kwamba na mimi nikaitazama. Barua za wizara zilikuwa zimekwenda. Makala ilikuwa imechapwa. Suruali ilikuwa imeshazeeka magotini.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu masika ya pili."

"Na Zakhar?"

"Mimi husoma namba, Daktari," nikasema.

Akavua miwani akaifuta, na alipoirudisha macho yake yalikuwa yamebadilika. Lazima nimtendee haki: alikuwa na tamaa, lakini chini ya tamaa kulikuwa na mwanasayansi, na mwanasayansi huyo alikuwa ameanza kuamka.

"Huenda si jivu peke yake," alisema polepole. "Huenda ni ute pamoja na jivu. Ute unaishika potasiamu isioshwe na mvua... Ndoo ngapi alimwaga?"

"Sijui. Anayejua ni mama."

"Mara ngapi kwa wiki? Jivu la msonobari au la mwaloni?"

"Anayejua ni mama, Daktari."

"Basi mlete hapa mama yako!"

"Hawezi kupita kizuizi. Ataulizwa ametoka wapi, na kule hayupo."

Dakta Valerian alikaa siku mbili ofisini akiandika ombi la kibali. Kosa lolote lingeharibu: huwezi kuomba kwenda kumhoji mkazi mahali ambapo serikali imeandika hakuna mkazi. Nakala ninayo mpaka leo. Inasema: Watu watatu, gari moja. Lengo la safari, kukagua chanzo cha potasiamu. Ofisi ya eneo lililofungwa ilichukua wiki sita kulikubali, na bila shaka hakuna aliyejua chanzo hicho huvaa kilemba.

Tulikwenda katikati ya Oktoba. Tangu Pasaka hapakuwa na habari zake. Barua hazifiki mahali ambapo hapana mtu, simu zilikatwa mwaka wa kinu. Uliana alikaa mbele na mkoba wa mkate mapajani. Askari wa kizuizi alisoma kibali mara mbili, akauliza potasiamu hulipuka? Dakta akasema huyu hajalipuka bado, akajisahihisha: hii haijalipuka.

Tulipokata kona ya Hrebelka niliangalia bomba la paa. Halikutoa moshi. Ilikuwa baridi ya kuuma masikio, na bibi aliyekuwa akipenda jiko kuliko watakatifu hakuwa na moto. Uliana alifungua mlango kabla sijasimamisha gari, akaanguka, akainuka, akakimbia na goti limechubuka. "Mama!" Nyumba ilikuwa wazi, haina mtu. Jiko limezolewa safi mpaka kwenye matofali, hakuna hata punje ya jivu ndani yake. "Mama!"

"Huku! Nani anapiga kelele?"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye upupu.

Bibi Khivrya alikuwa amepiga magoti kwenye kitalu cha pili. Ndoo kubwa ilikuwa pembeni yake, tupu, na alikuwa akisambaza jivu la mwisho kwa viganja vyake, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda. Mikono ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Upupu wote ulikuwa umeng'olewa. Kutoka mlango wa jikoni mpaka pale, kwa ile miguu yake, palikuwa na njia iliyochimbika kwa kukokota ndoo, nikaelewa kwamba amefanya hivyo kiangazi chote.

"Mama, unafanya nini? Mbona hujawasha moto?"

"Nimeuzima asubuhi nitoe jivu. Si mpaka lipoe?" Akamtazama binti yake, kisha mimi, kisha Dakta, akahesabu kwamba tumetimia. Uso wote ukamfunguka. "Mmeona? Nimewaambia nini? Uliana alinidanganya, eti mmeacha kwa sababu limefaulu. Mimi si mtoto. Nilikaa nikafikiri: hawa watu nimewaudhi. Nimefanyia kitalu kimoja, cha pili nimekiacha kwenye upupu, mkubwa wao mwenye miwani ameona ninampendelea binti yangu, akakasirika akawachukua wote. Ni haki yake. Basi tangu Pasaka nakitia hiki. Kila ndoo. Cha mbele sijakigusa, mpaka visawazike." Akaishiwa pumzi, akashika kiuno. "Ndoo arubaini na moja. Sasa imetosha? Mtakuja?"

Dakta Valerian alichuchumaa kando ya kitalu, akachukua udongo mkononi, akausaga kati ya vidole. Ulikuwa wa kijivu wote. Kitalu pekee cha kulinganishia, udongo pekee katika dunia nzima ambao ungeweza kumwambia alikosea kiasi gani, bibi alikuwa ameukoroga kwa ndoo arubaini na moja. Niliona taya lake likicheza, nikajisogeza katikati yao, kwa kuwa nilidhani sasa ndiyo atapiga kelele.

"Imeharibika," akasema. "Yote imeharibika, hapa hapalinganishwi tena na kitu. Lazima kuanza upya. Vitalu vipya, vinne safari hii: ute, jivu, ute na jivu, na kitupu. Haiwezekani chini ya miaka mitatu." Akamtazama Uliana, na sauti yake ikawa na uchovu wa kibinadamu. "Kila wiki mbili. Nitaandika ombi mwenyewe."

Uliana alifunika mdomo kwa mkono.

"Mitatu?" Bibi akauliza. "Mimi nina themanini na tatu."

"Basi utakuwa na themanini na sita, Bibi," Dakta akasema. "Na usikiguse kile kitupu."

"Mpaka nife?"

"Mpaka nikuambie."

Nilisogeza mashine karibu na mikono yake. Ililia kwa namna ambayo sikuipenda.

"Inasema nini, Zakharko?"

"Inasema ukanawe, Bibi."

Uliana alileta beseni na sabuni, akapiga magoti udongoni mbele ya mama yake, akaanza kumsugua kidole kimoja kimoja. Alikuwa akilia waziwazi sasa, machozi yakidondoka kwenye maji ya kijivu, na bibi alimwacha amsugue, akimtazama utosini kwa furaha ya mtu aliyeshinda ubishi.

"Kwa hiyo nilisema kweli," bibi akasema. "Ni hiki cha nyuma kilichowaudhi."

Uliana alikuwa mtaalamu wa maabara kwa miaka ishirini na miwili. Angeweza kumweleza mama yake habari ya potasiamu, ya wizara, ya hekta sita. Aliibana ile mikono ndani ya aproni yake akaikausha.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ni hicho."